Shemasi William Jones na Watoro wa Rabai

Wanafunzi wa historia ya Kanisa huijua Rabai, karibu na Mombasa, kuwa ni kituo cha Krapf na Rebmann, Wajerumani wa Württemberg, kilichoanzishwa mwaka 1846. Ni wachache wanaomjua William Jones, ambaye miaka arobaini baadaye aliwapokea huko watumwa waliotoroka.

Jones mwenyewe alitekwa utumwani akiwa mtoto. Baada ya kuokolewa alilelewa katika shule ya misioni karibu na Nasik, India, kisha akarudi pwani kuwa mwalimu. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimbariki kuwa shemasi, akamchukua pia katika safari ya kuja Ziwa Nyanza. Askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewaongoza wapagazi waliosalia hadi Rabai.

Sheria ya wakati ule haikumsaidia. Mkataba wa mwaka 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao, lakini haukuugusa utumwa wenyewe. Mtoro alihesabiwa kuwa mali iliyopotea, na wakuu wa misioni ya C.M.S. waliwakataza watumishi wao kumpokea. Hata hivyo watoro waliingia Rabai kwa mamia, wakajenga, wakalima, wakasali. Mwaka 1888 jambo hilo lilifichuka. George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki aliwalipa mabwana fidia ya watoro wapatao 1,400 wa vituo vya misioni vya eneo lile, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru ziligawiwa Rabai. Tuangalie vema: waliolipwa ni mabwana, wala si waliotumikishwa bila ujira.

Je, Jones aliivunja Warumi 13? Sisi twaona kwamba kitendo chake kinalingana na Kumbukumbu la Torati 23:15-16, ambapo Israeli wakatazwa kumrudisha mtumwa aliyekimbia. Wapo watakaotaja Waraka kwa Filemoni. Lakini Paulo alimtuma Onesimo kwa mtu aliyemjua, ampokee kama ndugu. Jones hakuwa na Filemoni wa kumwandikia.

Jambo hili si geni kwetu wa Muleba na Kagera yote. Mwaka 1994 wakimbizi walipovuka Rusumo, sharika zilipaswa kujibu swali lile lile: huyu aliyekimbia ni nani kwetu? Basi yafaa jina la shemasi huyu lifundishwe pamoja na la Krapf, ili wachungaji wajao wajue kwamba Mwafrika aliyepata kuwa mtumwa alilijibu swali hilo mapema, wakati wakubwa wake walipomwamuru anyamaze.