Santuri ya Baba na Binti

Wengi wanaolijua jina la Alma Rosé wanalijua kwa sababu ya Auschwitz. Kule, kuanzia Agosti 1943 mpaka Aprili 1944, aliongoza okestra ya wanawake wafungwa. Vitabu vimeandikwa, filamu imetengenezwa. Mimi nataka turudi nyuma zaidi, kwenye santuri aliyorekodi na baba yake mwishoni mwa miaka ya 1920. Wakati huo alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mjini Vienna, Austria.

Wanachopiga ni koncheto ya Johann Sebastian Bach ya violini mbili, ufunguo wa D maina. Koncheto ni muziki ambao mpigaji anatangulia mbele na okestra inamwitikia. Hapa wanaotangulia ni wawili. Mtu wa kwaya ataelewa haraka: sauti moja inaanza wimbo, nyingine inaupokea, halafu zinafuatana bila kugongana.

Niliwasikilizisha vijana ninaofanya nao kazi, na kwanza niliwaeleza Alma alikufa wapi. Wote wakasema muziki ni wa huzuni. Mmoja, anayepiga kinanda kanisani, akaongeza kwamba ni lazima uwe wa huzuni, maana D maina ni ufunguo wa kulia.

Sasa angalia. Sehemu ya kwanza ndiyo iko kwenye D maina, lakini Bach aliiandikia Vivace, yaani changamfu. Inatembea mbio, haina muda wa kulia. Sehemu iliyowanyamazisha vijana ilikuwa ya pili, ile ya polepole. Kumbe hiyo iko kwenye F meja, ufunguo ambao kwaya zetu zinautumia kwa nyimbo za shangwe. Mwendo wake Bach aliuita Largo ma non tanto: polepole, lakini si sana. Mapigo yanakwenda matatu matatu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Violini ya pili inaanza, ya kwanza inaingia juu yake na wimbo uleule. Basi ile huzuni haikutoka kwenye ufunguo. Tuliileta sisi, kwa sababu tulishajua mwisho wa habari.

Siku ya kurekodi hakuna aliyeujua mwisho huo. Baba, Arnold Rosé, alikuwa na miaka sitini na kitu. Tangu mwaka 1881 alikuwa kiongozi wa wapiga violini katika okestra kubwa ya Vienna. Mke wake, Justine, alikuwa dada wa mtunzi Gustav Mahler. Arnold alikuwa mpigaji wa zamani: hatikisi kidole sana kwenye nyuzi, na anapohama noti anateleza, kama mwimbaji anavyovuta sauti. Binti alijifunza kwake. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika nne au tano tu, kwa hiyo koncheto iligawanywa vipande. Ukikosea, unarudia upande mzima. Walikuwa watu wawili kazini, wanahangaikia noti zao.

Machi 1938 Ujerumani ya Wanazi iliichukua Austria. Arnold, kwa kuwa alikuwa Myahudi, alifukuzwa kwenye okestra aliyoitumikia miaka 57. Mwaka huohuo Justine akafariki. Baba na binti wakakimbilia London. Maisha ya ukimbizini yalikuwa magumu, pesa hakuna, na Alma akaenda Uholanzi kupiga muziki ili amtunze mzee. Mei 1940 Wajerumani wakaivamia Uholanzi, njia ya kurudi ikafungwa. Alijaribu kutoroka kupitia Ufaransa, akakamatwa, na Julai 1943 akapelekwa Auschwitz.

Hapa niseme wazi: kambi ile na kambi yetu si kitu kimoja, hata kama neno ni moja. Ile ilijengwa ili watu wafe. Okestra ya wanawake ilipiga maachi asubuhi wafungwa walipotoka kwenda kazini, na jioni waliporudi. Ala zilikuwa zile zilizopatikana: violini, mandolini, gitaa, akodioni. Alma alikuwa mkali sana mazoezini, kwa sababu okestra ikiharibika, wanawake wale wangekosa kinga yao ya pekee. Wengi wao walinusurika. Yeye mwenyewe alikufa Aprili 1944 kwa ugonjwa wa ghafla, akiwa na miaka 37. Baba yake alifariki London mwaka 1946.

Kwa nini naleta habari hizi kwetu? Kwa sababu mkimbizi anaanza kuhesabiwa siku aliyovuka mpaka. Fomu inataka tarehe ya kufika, sababu ya kukimbia, idadi ya watu nyumbani. Maswali hayo yana kazi yake, siyapingi. Lakini mtu ukimjua kupitia tu jambo lililompata, utasikia kilio hata kwenye wimbo wake wa F meja.

Tuna mafundi hapa, tuna walimu wa kwaya, tuna kina mama waliouza vitambaa miaka ishirini kabla ya vita. Tukiandika historia yao tuanze na walichojua kufanya vizuri, na nani aliwafundisha. Na wenzetu wa mashirika, mkija na daftari la mahojiano, acheni kurasa mbili tatu za miaka ya kabla ya safari.

Vijana niliwapigia tena sehemu ya pili wiki iliyofuata, nikawaomba wamfuate binti peke yake. Yule wa kinanda akauliza mazoezi yao yalichukua muda gani. Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri.