Belezoni: Mfereji Uliouhamisha Mto Tana

Ukishuka na Mto Tana nchini Kenya kutoka Garsen hadi Kipini, kile kipande cha mwisho kabla ya bahari si njia ambayo mto ulijichagulia wenyewe. Zamani Tana uliingia baharini kusini zaidi, ukitema matope yake moja kwa moja kwenye Ghuba ya Ungwana. Kipini palikuwa mlango wa mto mwingine, Ozi, mto mfupi unaojaa na kupwa pamoja na bahari. Mito hiyo miwili iliunganishwa na mfereji uitwao Belezoni, uliochimbwa kwa mikono katika karne ya 19 kwa amri ya mtawala wa Witu.

Witu ilikuwa dola changa. Sultani Ahmed, aliyejulikana kama Simba, alikuwa amekimbilia bara baada ya ukoo wake wa Pate kushindana na Mabusaidi, ukoo uliotawala Zanzibar. Utajiri wake ulikuwa mashamba na bidhaa zilizoshuka na mto. Lakini mlango wa Tana ulikuwa wa hatari: fungu la mchanga, mawimbi yanayovunjika, na chombo kilichojaa mzigo kikipinduka hakuna msaada. Kipini palikuwa na maji tulivu. Kwa hiyo wakachimba mahali ambapo mito hiyo miwili imekaribiana zaidi, wakapata njia nyembamba ya mitumbwi. Hakuna aliyekusudia kuhamisha mto.

Mto wenyewe ulifuata hesabu. Kutoka pale mfereji ulipoanzia hadi usawa wa bahari, kimo cha kushuka ni kilekile, upite njia ya zamani au njia mpya. Kinachobadilika ni umbali. Umbali ukipungua, mteremko unazidi. Mteremko ukizidi, maji hukimbia. Maji yakikimbia huchimba sakafu na kubomoa kingo. Mfereji ukipanuka hupokea maji mengi zaidi, na maji hayo huupanua tena. Huku nyuma, mto wa zamani unapungukiwa, mwendo wake unalegea, mchanga uliokuwa ukielea unatua, na mlango unaanza kujiziba. Mafuriko yaliyofuata yalimaliza kazi ambayo majembe yaliianza: Tana ukahamia Ozi, na hadi leo ramani zinauonyesha ukifika baharini Kipini.

Kabla Belezoni haijachimbwa, huko Ufaransa kulikuwa na mwanahisabati aliyekwisha kuliandikia umbo la mfereji kanuni zake. Gaspard Monge, aliyezaliwa 1746 na kufariki 1818, ndiye baba wa jiometri ya maumbo yaliyopinda. Alitaka tuwaze hivi: chukua mstari wowote uliojipinda hewani, kisha sogeza tufe ambalo kitovu chake kinaufuata mstari huo bila kutoka. Ngozi inayoyagusa matufe yote, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, ndiyo uso wa mfereji. Tufe likibaki na ukubwa mmoja safari nzima, unapata bomba. Likivimba na kusinyaa njiani, unapata mfereji kwa maana pana zaidi.

Bomba lina sharti kali: nusukipenyo cha kona ya mstari wa katikati kisipungue nusukipenyo cha bomba. Kikipungua, upande wa ndani wa kona unajikunja na umbo linajikata lenyewe. Mwenye kuchora bomba kwenye kompyuta analazimika kulitii sharti hili, na fundi anayekunja bomba la chuma analijua kwa macho, kwa kuwa upande wa ndani ndio hukunjamana kwanza.

Mito nayo ina kipimo kinachofanana na hicho. Mwaka 1960 Wamarekani Luna Leopold na Gordon Wolman walichapisha vipimo vya mito mingi mikubwa na midogo, wakaonyesha kuwa nusukipenyo cha kona kwa kawaida ni kama mara 2 hadi 3 ya upana wa mto. Kona haiendelei kukazika milele. Pande mbili za mto zikikaribiana mno, maji ya mafuriko yanakata shingo, na kona nzima inaachwa pembeni kama ziwa lenye umbo la mwezi mwandamo. Yeyote aliyesimama kwenye kona ya Tana karibu na Garsen ameiona kazi hiyo ikifanyika. Ukingo wa nje umesimama wima, mizizi inaning'inia, na bonge la udongo likidondoka maji huwa mekundu kwa dakika nzima. Upande wa pili, mchanga umejilaza taratibu na ng'ombe wanashuka kunywa bila taabu.

Wapokomo, wakulima wa kandokando ya Tana, walilima kwa kuufuata mwendo huo wa mto badala ya kuupinga. Mpunga ulipandwa mahali ambapo mafuriko yangefika, na kwenye vijiji vya Ozi maji kujaa yaliyasukuma maji matamu ya mto yakapanda mashambani, yakapwa, bila pampu wala mafuta. Waorma nao walikuwa na malka zao, njia za mifugo kushuka mtoni. Mto ukihama, mashamba na malka vyote vinahama, na ugomvi juu ya nani apite wapi unaanza upya.

Serikali zilikuja na mistari iliyonyooka. Mradi wa umwagiliaji wa Hola ulianza miaka ya 1950, na sehemu ya nguvu kazi yake ilikuwa wafungwa wa Mau Mau walioshikiliwa bila kesi. Machi 3, 1959, wafungwa waliogoma kufanya kazi hiyo ya lazima walipigwa virungu hadi 11 wakafa. Wakuu wa kikoloni walisema kwanza kuwa watu hao walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji, uongo uliobomoka mara uchunguzi wa maiti ulipofanywa. Julai mwaka huo Enoch Powell, mbunge wa chama tawala, alisimama katika Bunge la Uingereza kudai serikali yake iwajibike. Hola haiwezi kuandikwa kama historia ya mifereji tu. Mitaro ile ina damu.

Mwaka 1989 Tana ulihama tena. Ukaiacha kavu sehemu ambako pampu za Hola zilivuta maji, na mradi ukaanguka kwa miaka mingi. Pampu hazikuwa na kosa, wala mifereji. Mto ndio uliohama.

Karibu na Garsen, mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, uliojengwa kwa mkopo wa Japani ulizungushiwa matuta ya kuzuia mafuriko. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliyabomoa.

Kwa maoni yangu, kila anayechora mfereji mpya kwenye delta hii aanze na ramani ya njia ambazo Tana umezihamia na kuzihama: Belezoni kwanza, kisha maziwa ya pembeni, kisha vijito ambavyo wazee wa vijiji vya Ngao na Ozi wanaweza kuvionyesha kwa kidole. Mabwawa matano ya juu, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, yamepunguza mafuriko na kukamata tope. Mto ukipungua, maji ya chumvi hupanda Ozi, mto uleule ambao mfereji wa Witu uliuunganisha na Tana, na mkulima wa mpunga aliyezoea kusubiri maji kujaa sasa hulazimika kuyaonja kwanza kabla ya kuyaruhusu yaingie shambani.