Sumaku na ubongo: ni tiba ama ni utapeli?

Leo siandiki kuhusu programu, ingawa mtaona kwamba mambo yenyewe hayako mbali na kazi yetu.

Nina rafiki niliyesoma naye chuoni, naye pia huandika programu. Kwa miaka miwili sasa amekuwa akiugua sonona, yaani ule ugonjwa ambao wengi huuita dipresheni. Amejaribu dawa za aina mbili, moja baada ya nyingine, na bado kuna siku anashindwa hata kufungua mlango. Mwezi jana daktari wake alimtajia tiba ya sumaku: unaketi kitini, unawekewa koili kichwani, unapokea mapigo ya sumaku kila siku kwa wiki kadhaa. Bei aliyotajiwa ilimtoa jasho. Akanipigia simu usiku: "Ndugu yangu, wewe unajua mambo ya mashine. Niambie ukweli. Hii si kama zile bangili za sumaku tunazouziwa mjini?"

Swali zuri. Nikamwomba siku chache nisome. Nimeyapanga niliyoyapata kwa mfuatano wa miaka, kwa sababu jibu lake limo humo humo kwenye historia.

Tuanze London mwaka wa 1831. Michael Faraday aligundua kwamba sumaku ikitulia karibu na waya, hakuna kinachotokea. Lakini nguvu ya sumaku ikibadilika, umeme unapita kwenye waya hata kama hakuna betri. Neno la kushika hapo ni kubadilika. Bangili ya sumaku imetulia tu mkononi, kwa hiyo haiwezi kuusukuma umeme ndani ya ubongo hata ukiivaa miaka kumi. Hilo nilimjibu rafiki yangu siku hiyo hiyo.

Sasa, seli za ubongo huwasiliana kwa umeme. Basi ukiweka koili karibu na kichwa na kuibadilisha nguvu yake ya sumaku kwa kasi ya kutosha, si utazalisha umeme ndani ya ubongo bila kumgusa mtu kwa waya? Watu waliliwaza jambo hili zamani sana. Mwaka wa 1896 Mfaransa Jacques-Arsène d'Arsonval aliwaweka watu vichwa ndani ya koili kubwa, nao wakaona vimulimuli na kuhisi kizunguzungu. Mwaka wa 1902 kule Vienna, Adrian Pollacsek na Berthold Beer waliomba hataza ya kutibu sonona kwa koili. 1902, jamani! Mwaka wa 1910 Silvanus Thompson alirudia jaribio la vimulimuli kule London.

Kumbe walichokiona hakikuwa kazi ya ubongo. Leo inaeleweka kwamba vile vimulimuli vilitoka kwenye jicho lenyewe, ambalo huamshwa kwa umeme mdogo sana. Mitambo yao haikuwa na kasi na nguvu za kuufikia ubongo. Wazo lilikuwepo, swichi haikuwepo. Sisi watu wa programu tunalijua tatizo hilo: unaandika kitu kizuri, lakini mashine ya kukiendesha bado haijatengenezwa.

Wakati huo wengine walipitia njia ya umeme wa moja kwa moja. Mwaka wa 1938 kule Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini walimpitishia mgonjwa umeme kichwani hadi akapata mshtuko kama wa kifafa. Tiba hiyo inasaidia, na hadi leo inatumika kwa wagonjwa mahututi, siku hizi mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Lakini inaweza kuvuruga kumbukumbu. Mwaka wa 1980 Merton na Morton wa London walionyesha kwamba pigo moja la umeme juu ya ngozi ya kichwa linaweza kumfanya mtu aliye macho atikise mkono, bila mshtuko wa kifafa. Taabu ni kwamba liliuma sana. Fuvu huuzuia umeme, kwa hiyo inabidi uutie kwa nguvu, na ngozi ndiyo inayoumia. Sumaku haina taabu hiyo. Hupita kwenye mfupa kana kwamba mfupa haupo.

Ndipo tunafika mji wa Sheffield, Uingereza, mwaka wa 1985. Anthony Barker na wenzake, Reza Jalinous na Ian Freeston, hawakuwa wakitafuta tiba ya akili hata kidogo. Kazi yao ilikuwa kupima kama njia za neva kutoka ubongoni hadi kwenye misuli ni nzima. Walichokuwa nacho ni kapasita. Kapasita ni kama tangi la maji: unalijaza polepole, kisha unalimwaga lote mara moja, kama ilivyo kwenye flashi ya kamera. Maelfu ya ampea yalipita kwenye koili kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Wakaiweka koili juu ya kichwa cha mtu, upande unaoongoza mkono, na vidole vya mkono wa upande wa pili vikaruka. Mtu hakusikia maumivu.

Mashine za aina hii hufikia kama tesla 1.5 hadi 2, sawa na mashine nyingi za MRI hospitalini. Mbona basi mtu akilala ndani ya MRI vidole vyake haviruki? Ni Faraday tena: sumaku kuu ya MRI imetulia, ya Sheffield inakuja na kuondoka kufumba na kufumbua. Na haifiki mbali, ni sentimita mbili tatu hivi kutoka juu ya kichwa.

Mashine ya kwanza ilikuwa polepole, pigo moja kila baada ya sekunde kadhaa. Zilipotokea zile za kupiga mara nyingi kwa sekunde, madaktari wa akili wakaamka. Picha za ubongo zilikuwa zimeonyesha kwamba wagonjwa wengi wa sonona wana utendaji hafifu upande wa mbele kushoto. Mwaka wa 1995, Mark George na wenzake kule Bethesda, Marekani, walielekeza mapigo hapo kwa wagonjwa sita ambao dawa zilikuwa zimewashinda. Wawili kati yao walipata nafuu kubwa. Mwaka uliofuata Alvaro Pascual-Leone alichapisha matokeo ya wagonjwa 17 kule Uhispania, nayo yalitia moyo.

Hapa ndipo nilipokaza macho, kwa sababu utapeli hukaa papa hapa. Mtu aliyekata tamaa, akiwekwa kwenye kiti cha kisasa, akasikilizwa na wauguzi kila siku, anaweza kupata nafuu hata mashine ikiwa imezimwa. Kwa hiyo watafiti walitengeneza koili ya bandia, inayotoa mlio ule ule bila kuufikia ubongo, wakawagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Utafiti mkubwa wa watu 301 ulichapishwa mwaka wa 2007. Kwenye kipimo chake kikuu, tofauti kati ya koili halisi na ya bandia ilikosa kidogo tu kufikia kiwango kinachotakiwa na wanatakwimu. Jopo la washauri wa serikali ya Marekani halikuridhika. Baada ya uchambuzi zaidi, mashine iliruhusiwa Oktoba 2008, kwa wagonjwa ambao dawa ilikuwa imewashinda. Kanada ilikuwa imekwisha kuikubali mwaka wa 2002.

Utafiti mwingine wa mwaka wa 2010, uliolipiwa na serikali ya Marekani, ulihusu watu wapatao 190. Waliopona kabisa kwa koili halisi walikuwa kama 14 kwa kila 100. Kwa koili ya bandia walikuwa 5. Someni tena tarakimu hizo polepole. Si uchawi, na si uongo pia. Kwenye zahanati za kawaida, ambako hakuna koili ya bandia ya kulinganisha, zaidi ya nusu ya wagonjwa wameripotiwa kupata nafuu. Ukikuta mtu anatangaza tarakimu hiyo ya pili pekee, muulize kuhusu ile ya kwanza.

Sasa jambo lililonifurahisha kama mwandishi wa programu. Tiba ya mwaka wa 2008 ilikuwa hivi: mapigo 10 kwa sekunde kwa sekunde 4, kisha pumziko la sekunde 26, mara 75. Hesabu: mapigo 3,000, dakika 37 na nusu. Mwaka wa 2005 watafiti wa London walikuwa wamejaribu mpangilio mwingine, mapigo matatu ya haraka haraka, yakirudiwa mara tano kwa sekunde. Mwaka wa 2018 utafiti wa watu 414 kule Kanada ulionyesha kwamba mapigo 600 kwa mpangilio huo, kwa muda wa dakika 3 hivi, hayakuwa duni kuliko zile dakika 37. Koili ni ile ile, kilichobadilika ni msimbo! Mwaka huo huo Marekani iliruhusu mashine ya aina hii kwa ugonjwa wa mawazo ya kujirudiarudia, na mwaka wa 2022 ikaruhusu mpango wa siku 5 tu, vipindi 10 kila siku.

Basi nilimwambia nini rafiki yangu? Nilimwambia si bangili. Nilimwambia inaweza isimsaidie, na kwamba kuumwa kichwa ni kawaida siku za mwanzo. Mshtuko wa kifafa hutokea kwa nadra sana, na mtu mwenye chuma ama kifaa cha umeme kichwani lazima aseme kabla hajaketi. Nikamwomba asiache dawa zake kabla ya kuongea na daktari.

Alinyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Kumi na nne ni zaidi ya tano." Jumanne tunakwenda pamoja kumwona daktari. Nimemwandikia maswali manne kwenye karatasi: mpangilio gani wa mapigo, vipindi vingapi, nani anasimamia, na tutapimaje kama inafanya kazi. Nawe ukiwa na mtu anayepitia haya, nenda naye. Swali la bei tutaliuliza mwisho.

Haya, tuonane wiki ijayo. Nitarudi kwenye programu, naahidi.