Punguzo la fedha: faida kwa mwekezaji, mzigo kwa mkopaji

Neno punguzo si geni masikioni mwa wakazi wa mijini. Anayenunua khanga kwa jumla pale Kariakoo hupunguziwa bei, na habari huishia hapo. Katika shughuli za fedha, hata hivyo, neno hilo lina maana ya pili inayowatatiza wengi: ni kiasi kinachokatwa leo kutoka katika fedha itakayolipwa siku za usoni.

Mfano ulio wazi ni dhamana za Serikali za muda mfupi, ambazo Benki Kuu ya Tanzania huziuza kwa mnada. Tofauti na hatifungani, dhamana hizi hazitoi riba ya vipindi. Mwekezaji huinunua dhamana chini ya thamani iliyoandikwa, na siku ya kuiva hulipwa thamani yote. Tuseme dhamana ya siku 364 yenye thamani ya Sh1,000,000 imenunuliwa kwa Sh920,000. Kwa haraka mtu atasema mnunuzi amepata asilimia nane. La hasha; fedha iliyotoka mfukoni mwake ni Sh920,000, hivyo faida ya Sh80,000 inakaribia asilimia 8.7.

Benki nazo hununua madai ya wafanyabiashara kwa njia hiyo. Mzabuni aliyeambiwa asubiri siku 60 kulipwa Sh5,000,000 aweza kuiuzia benki ankara yake kwa Sh4,800,000. Makato yaonekana madogo, lakini kwa mwaka ni sawa na asilimia 25 hivi. Pengine bado yanamfaa, iwapo bila fedha hiyo ghala lake litabaki tupu.

Kwa mkopaji wa kawaida hesabu humgeukia. Wapo wakopeshaji wanaokata riba siku ile ile ya kutoa mkopo. Anayekopa Sh1,000,000 kwa mwaka mmoja, kwa riba ya asilimia 20 iliyokatwa mwanzoni, huondoka na Sh800,000, ilhali mwisho wa mwaka hudaiwa milioni kamili. Riba yake halisi ni asilimia 25, kwani makato hugawanywa kwa fedha iliyopokewa, si kwa ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Kama ada ya shule anayoihangaikia ni milioni kamili, itambidi asaini mkopo wa Sh1,250,000. Tena akilimaliza deni mwezi wa sita bila kurudishiwa sehemu ya riba, atakuwa amelipa kwa kiwango cha asilimia 50 kwa mwaka. Suala hilo la malipo ya mapema aghalabu halitajwi mezani mpaka mteja aulize.

Mikopo midogo ya simu ina muda mfupi zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Anayepokea Sh85,000 katika mkopo wa Sh100,000 wa siku 30 amelipa karibu asilimia 18 kwa mwezi mmoja tu, na hapo faini ya kuchelewa haijahesabiwa.