Magongo Mawili na Posho ya Oboli Moja

Mwanzoni mwa karne ya 4 KK, mlemavu mmoja alisimama mbele ya Baraza la Athens, lenye watu 500, kutetea posho yake. Mji ulikuwa ukimpa oboli moja, sarafu ndogo, kwa siku, kama raia maskini asiyejiweza. Sasa kuna mtu amemshtaki kwamba hastahili: ana kazi ya mikono, anakaa na matajiri, na isitoshe ameonekana juu ya farasi.

Utetezi wake umetufikia miongoni mwa hotuba za Lysias, aliyekuwa akiwatungia watu maneno ya kwenda kusema kwenye kesi, kwa malipo. Ningekuwa na uwezo, anasema mlemavu, ningepanda nyumbu aliyetandikwa vizuri (nyumbu wa kupanda, si wale wa Serengeti). Kwa kuwa sina, naazima farasi wa watu. Kisha anageuza kibao. Wenzangu hutembelea gongo moja, mimi mawili; mbona mshtaki hasemi kwamba magongo mawili nayo ni dalili ya uzima? Baraza likishacheka hapo, shtaka limekwisha makali.

Baba yake Lysias alitoka Syracuse, kisiwani Sicily, na huko ndiko watu wa kale walikosema fani hii ya kushawishi kwa maneno ilianzia. Madikteta wa mji ule walipong'olewa, yapata mwaka 466 KK, walionyang'anywa mashamba walirudi kuyadai. Miaka imepita, mashahidi ni haba, utamshawishije hakimu? Corax na Tisias wanatajwa kuwa ndio waliofundisha jibu: shika kinachoelekea kuwa kweli. Mtu dhaifu akishtakiwa kumpiga mwenye nguvu, aseme, mimi na huyu, inaingia akilini? Mwenye nguvu akishtakiwa, naye aseme, ningethubutuje, na nilijua kwamba wa kwanza kushukiwa ni mimi? Ukiona hoja moja inawafaa wote wawili, utaelewa kwa nini Plato aliichukia fani hii. Hata hivyo, asiye na shahidi wala hati angeshika nini kingine?

Athens haikuwa na mawakili wa kusimama badala yako. Ulijisemea mwenyewe mbele ya raia wenzako, 201 katika kesi ndogo na 501 au zaidi katika kubwa, huku maji yakitiririka kutoka chungu cha udongo chenye tundu chini. Kimoja kilichofukuliwa katika uwanja wa soko la kale kinachukua lita 6.4, ambazo humalizika kwa dakika 6 hivi. Maji yakikatika, nawe umekatika.

Aristotle ndiye aliyeipanga fani hiyo, akasema ushawishi hutoka kwa msemaji mwenyewe, katika hisia za wasikilizaji, na katika hoja. Hilo la kwanza husomwa vibaya mara nyingi. Hakuwa na maana ya jina ulilokuja nalo kutoka nyumbani, bali mtu unayejijenga masikioni mwa watu wakati unasema. Yule mlemavu anajijenga kuwa maskini mcheshi asiye na makuu, na hiyo peke yake ni nusu ya kesi. Kuhusu hoja, Aristotle aliona kwamba nzuri huacha pengo. Ukisema fulani ameshinda Olympia, huna haja ya kuongeza kwamba alivikwa taji. Msikilizaji hulijaza mwenyewe, na alichojaza mwenyewe hakipingi.

Kitabu chake juu ya fani hiyo kilipoingia katika Kiarabu, kilipewa jina la mzizi uleule uliotupa sisi hotuba na hatibu. Wanafalsafa Al-Farabi na Ibn Rushd wakakifafanua. Balagha ni jambo jingine. Ni elimu ya Waarabu wenyewe, iliyokuzwa sana na uchunguzi wa ufasaha wa Kurani, na Abd al-Qahir al-Jurjani wa karne ya 11 ni mmoja wa vigogo wake. Kiswahili kimepokea maneno yote mawili, lakini darasani, kwa maoni yangu, tumeyatenganisha mno: hotuba ni ya jukwaani, balagha ni pambo la kupigia mstari katika mtihani. Mwanafunzi huandika “swali la balagha: swali lisilohitaji jibu”, akapata alama yake, akafunga daftari.

Lile la magongo lilikuwa swali la balagha. Lilihitaji jibu, tena la watu 500, na lililokuwa likilindwa ni oboli moja ya kesho yake.