Madai ya askari yalianza kwa miguu

Kila 9 Juni, Siku ya Mashujaa inapofika Uganda, pensheni za askari wa zamani huzungumzwa tena. Aliyekatwa mguu, jeraha lake linaonekana. Mwenye magoti na nyonga zilizochakaa kwa mwendo na mizigo ana mtihani mwingine: kuthibitisha kwamba ni jeshi lililozichakaza, si uzee.

Ugomvi huu ni mkongwe, na kilima cha Kibuli, Kampala, kimo ndani yake. Kilima hiki kilikuwa makao ya Mwanamfalme Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu wa Buganda. Mwaka 1893 Selim Bey, mkuu wa askari wa Kisudani waliowatumikia Waingereza, alimtetea Mbogo. Ofisa Mwingereza, Kapteni Macdonald, akamkamata Selim, naye akafia njiani akipelekwa pwani. Mbogo alihamishiwa Zanzibar, akarudi baadaye.

Macdonald huyohuyo alirejea 1897 na kutaka askari hao wamsindikize safari ndefu ya kaskazini. Mwanahistoria O. W. Furley, aliyeandika habari zao 1959, anasisitiza malipo. Walipata rupia 4 kwa mwezi, mara nyingi kwa vitambaa na kwa kuchelewa, huku wapagazi Waswahili wakilipwa zaidi ya mara mbili. Lakini kulikuwa na miguu pia. Walikuwa wametoka vitani Buddu dhidi ya Kabaka Mwanga, wakatembezwa hadi Eldama Ravine, na sasa waambiwe waendelee? Walikataa. Walijieleza mbele ya ofisa Mwingereza Frederick Jackson. Rufaa yao ikaishia kwa kufyatuliwa risasi. Wakarudi hadi ngome ya Luba, Busoga, ambako Oktoba walimuua kamanda wao, Meja Thruston, na wenzake wawili. Waasi walimtaka Mbogo awaongoze. Alikataa, akabaki na Waingereza. Mishahara ilipandishwa baada ya damu kumwagika, jambo ambalo serikali yoyote ingepaswa kulionea haya.

Madai hayakuishia hapo. Vita vya pili vya dunia vilichukua askari wapatao 77,000 kutoka Uganda; Mzungu alilipwa kiinua mgongo hadi mara tatu ya Mwafrika. Kuanzia 1992 zaidi ya askari 30,000 walipunguzwa jeshini.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2000 ina bodi ya madaktari ya kuamua pale mfanyakazi anapobishia tathmini ya ulemavu wake. Wanajeshi walio kazini wameachwa nje ya sheria hiyo. Fundi anayeteleza kwenye jengo pale Kibuli ana mlango wa kubisha ambao mwanajeshi, kwa goti lilelile, hana.