Nakala nyingine iko wapi?

 

Mwezi uliopita nilipata pigo. Flashi yenye mahojiano yangu na mzee mmoja wa hapa mjini iligoma kufunguka. Mzee alikuwa amenisimulia Babati ilivyokuwa kabla ya 2002, mkoa wa Manyara ulipokuwa bado haujamegwa kutoka Arusha. Mzee mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo siwezi kurudi kumuuliza. Fundi alinitazama, akauliza: "Nakala nyingine iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Swali hilo limenirudisha kwenye historia ya maktaba maarufu ya kanda hapa nchini, ile ya Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD ya wazazi wetu.

Utangazaji wetu ulianza 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji, na 1965 serikali ikalivunja na kuanzisha RTD. Sasa RTD haikuwa redio tu, ilikuwa pia studio ya taifa. NUTA Jazz walirekodi pale, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe vilevile. Wimbo uliingia kwenye kanda ya sumaku, kanda ikapangwa kwenye rafu, mtangazaji akiuhitaji anaifuata. Hotuba za Mwalimu Nyerere nazo zilitunzwa hivyo hivyo.

Je, nakala nyingine zilikuwa wapi? Hapo ndipo penye kasheshe. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, na zilizotoka zilitengenezwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Nyimbo nyingi zikabaki kwenye ile kanda moja ya RTD. Nje ya hapo, labda mtu wa mkoani awe ameunasa wimbo kwa redio kaseti yake sebuleni, na sauti ya jogoo ndani yake!

Tatizo ni kwamba kanda nayo inazeeka. Ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za madini ya chuma, zikashikiliwa na gundi. Unyevunyevu ukiingia, gundi hunata, na ukiicheza kanda chembe zinabanduka pamoja na sauti. Na hali ya hewa ya Dar mnaijua wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ukaanzishwa Tanzania Heritage Project, wakachangisha fedha kwa lengo la kuzihamishia kanda za RTD kwenye dijitali. Mwaka 2019 UNESCO na wataalamu wa kumbukumbu za sauti wakatoa onyo kwa dunia nzima kwamba ifikapo 2025 kanda nyingi zingekuwa hatarini kupotea, maana hata mashine za kuzichezea zinaadimika.

Msidhani kosa hili ni la masikini tu. Mwaka 2009 NASA walikiri kuwa kanda zao halisi za safari ya mwezini ya 1969 huenda zilifutwa ili zitumike tena. Bahati yao, picha zilizorushwa na televisheni zilikuwepo kwingine. Upande wa pili, Februari 2011 hitilafu ya programu ilifuta barua pepe za baadhi ya watumiaji wa Gmail. Google walikuwa na nakala kadhaa kwenye kompyuta zao, nazo zikaguswa. Kilichookoa jahazi ni kanda, kwa sababu zilikaa pembeni, hazijaunganishwa na mtandao.

Kwa hiyo kanda si teknolojia ya kizamani ya kuchekwa, na wala rafu iliyojaa kanda peke yake si akiba. Akiba ni nakala ya pili iliyo mahali pengine, daftari linaloonyesha kilichomo, na mtu anayeijaribu mara kwa mara kuona kama bado inasikika.

Ombi langu kwenu: kama nyumbani kuna kaseti yenye sauti ya babu au bibi, itoeni nakala wikiendi hii. Mimi sauti ya mzee wangu nimeshaipoteza.

Naomba kuwakilisha.